Mama wa Jikoni na Ile Meli

Feza, rafiki yangu,

Mlango umefunguliwa. Nimetaka neno hilo likufikie la kwanza, kabla ya salamu, maana najua ungeniuliza hilo kabla hujaniuliza habari za watoto. Mlango wa ile meli umefunguliwa, na tumemjua aliyekuwa akigonga.

Unakumbuka walivyotuacha. Kapiteni Orsane na watu wake wako katikati ya giza, kati ya nyota na nyota, mahali ambapo hata upepo haupo. Wamezaliwa melini, na wazazi wao walizaliwa melini, na bado vizazi vitatu kabla ya kufika kwenye ile dunia nyingine. Halafu ko, ko, ko. Mtu anagonga kutoka nje! Kisha muziki, na yule bwana wa redio akasema kwa Kifaransa chake cha puani kwamba mchezo unapumzika. Ulipumzika mwaka na nusu. Miaka sita tuliufuata kila Jumapili alasiri kwenye baraza yangu, wewe ukiwa umekaa karibu na redio, sikio kwa Kifaransa chao, mdomo kwetu kwa Kiswahili, halafu wakatuacha mbele ya mlango uliofungwa. Ukaniambia, "Mauwa, hili swali litaniua." Ulisema ukicheka, na mimi nikacheka.

Homa ilikuchukua kwa siku nne, mvua za kwanza zilipoanza. Juu ya hilo sitaandika zaidi. Nimejaribu mara mbili, nikachana karatasi.

Aliyeleta habari kwamba Wasafiri, ule mchezo wetu wa redio, wanarudi ni Mama Sifa. Alisikia tangazo akiwa sokoni, akaja mbio na beseni ya ndakala kichwani, samaki wakimwagika njia nzima. Tulishikana mikono tukaruka kama wasichana wa shule. Kisha tukasimama, sote wawili kwa wakati mmoja, kwa sababu tulikumbuka. Nani atatutafsiria?

Mzee wetu wa reli, Papa Risasi, akasema yeye anajua Kifaransa. Anakijua, ndiyo, lakini ni Kifaransa cha gari moshi: simama, enda, ongeza makaa. Basi tukamwendea Mwalimu Mulenda. Huyu hakukukuta. Alifika baada yako, anafundisha sekondari, amepanga nyumba nyuma ya kwa Mama Sifa. Ni kijana wa miwani, mpole, nguo zake zimepigwa pasi hata siku ya salongo, tunapofagia mitaro ya mtaa. Akakubali mara moja. Kumbe naye alikuwa ameufuata ule mchezo miaka yote, peke yake, chumbani mwake.

Jumapili ya kwanza nilianika mabuye ya redio, zile betri zake, juani tangu asubuhi ili yapate nguvu. Saa tisa watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ua. Mwalimu akakaa kwenye kiti chako. Sikupenda, lakini kiti ni kimoja.

Sasa sikia. Kapiteni anaamuru mlango ufunguliwe. Wanaoingia ni watu, Feza. Watu kama wao, wa dunia ileile wazee wao walikotoka! Baada ya meli yetu kuondoka, kule nyuma wataalamu waliendelea kusoma na kutengeneza, mpaka wakapata meli nyingine yenye mbio mara mia. Hawa wa pili wametoka juzi tu, na wamewapata wa kwanza njiani.

Papa Risasi akasimama. "Hapana! Haiwezekani! Muntu aliyetoka nyuma atakufikia namna gani?"

Mama Sifa akamjibu kabla ya Mwalimu. "Papa, hilo ni jambo la kila siku. Unatoka Moba asubuhi kwa kasia, mikono inakufa. Mwenye motere anatoka kisha yako, anakupita anakupungia mukono."

"Basi taabu yote ya wazee wao ilikuwa ya bure?"

Hapo ndipo watu walipogawanyika. Wako waliosema Kapiteni ahamishe watu wake wote kwenye meli mpya, wafike wangali hai. Wako waliosema hapana, meli ile ndiyo kijiji chao, wafu wao wamo humo, nani anaacha makaburi kwa sababu ya mbio? Walibishana mpaka kuku walipoingia kulala. Wiki nzima kiwandani hakukuwa na maneno mengine. Unajua kelele za zile mashine za nyuzi. Nilitazama upande wako nikitaka uniambie kwa mikono, kama zamani, unapoinua vidole viwili kumaanisha Kapiteni, au unapozungusha mkono kama mtu anayekoroga chungu kumaanisha Mama wa Jikoni.

Ni huo mkono wa chungu ndio ulionifanya nikuandikie.

Jumapili ile ya kwanza, ubishi ulipokuwa mkali, Mama Sifa alimgeukia Mwalimu akamwuliza, "Na Mama wa Jikoni yeye alisema nini?"

"Nani?" akauliza Mwalimu.

"Mama wa Jikoni. Yule anayewapikia melini. Wageni wameingia, yeye hawezi kunyamaza."

Mwalimu akavua miwani. Alisema pole pole, kama anayempa mtu habari ya msiba, kwamba hamjui mtu huyo. Kapiteni anamjua, Daktari Velmo anamjua, mtoto aliyezaliwa bila kusikia anamjua. Mpishi hayumo. Hajawahi kuwamo tangu mwanzo.

Tulimcheka. Tulidhani anatania. Jumapili ya pili hayumo, ya tatu hayumo, na Papa Risasi akapandisha sauti: "Sitoyen Mwalimu, unatuibia! Feza alikuwa anatuambia yote, weye unakata!" Kijana wa watu, jasho likimtoka, alituapia. Akatusimulia michezo ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, na yote ilikuwa kama ulivyotuambia wewe, neno kwa neno karibu. Maasi, njaa, moto wa chini ya meli, yote. Kitu kimoja tu hakikuwamo.

Feza. Miaka sita! Mimi niliyekaa nawe bega kwa bega kiwandani, niliyekusuka nywele, sikujua.

Wengine walicheka. Wengine walisema ulituchezea kama watoto. Hayo niliweza kuyavumilia. Lililonichoma ni la Mama Sifa. Alikunja mkeka wake akaenda, na Jumapili ya nne hakuja. Nikamfuata nyumbani.

Unakumbuka mambo ya mume wake. Alikwenda Manono kutafuta kazi, akaoa huko, miaka miwili hakuna barua, halafu siku moja anarudi amekonda, amesimama kwenye mlango wa mkewe na mfuko mmoja. Mama Sifa alikuwa ameshika ufunguo amfungie. Na Jumapili ileile, melini, walioasi walirudi wakiomba kuingia, na wewe ukatuambia alivyosema Mama wa Jikoni: "Muntu wa njaa umupe chakula kwanza. Hasira utamupa kisha. Hasira haiozi." Mama Sifa alikwenda nyumbani akasonga bugali. Baadaye akampa na hasira yake, yote, mtaa mzima ulisikia. Mume yuko mpaka leo, anamtengenezea nyavu na kumbebea beseni.

Akaniambia, bila kunitazama: "Mauwa, mimi nilirudisha mwanaume katika nyumba yangu kwa neno la muntu ambaye hayuko. Hayuko hata kwa redio. Nani alinishauri? Upepo?"

Nakuambia kweli, swali lake likawa langu, likanikaa kuliko hata lile la mlango. Kwa nini? Ulimtoa wapi? Ulianza lini, na kwa nini hukuniambia hata mimi? Nilikuwa nikikorofishana nawe kichwani huku nafua nguo. Mwishowe niliomba ruhusa kiwandani, nikapanda boti ya mahindi kwenda Moba kwa Yaya Mwange.

Dada yako alidhani nimeleta msiba mwingine. Nilipomweleza kwamba nimesafiri siku nzima kuuliza juu ya mpishi wa mchezo wa redio, aliendelea kuchambua maharage. Kisha akauliza, "Huyo mupishi alikuwa anaitwa nani?"

"Hakuwa na jina. Mama wa Jikoni tu."

Mikono yake ikasimama.

Akaniambia mambo ambayo wewe hukuniambia hata mara moja. Nilijua ulisoma kwa masista, na kwamba mama yenu alifariki mapema. Sikujua kwamba alikuwa akiwapikia wanafunzi wa shule hiyohiyo. Sikujua kwamba miaka kumi na minne masista, mapadri na wanafunzi hawakumwita kwa jina lake, wala la ubatizo, wala la watoto wake. Mama wa Jikoni, basi. Hata wewe, akasema Yaya Mwange, mbele ya wenzako darasani ulikuwa unamwita hivyo.

Jioni, masomo yakiisha, ulikwenda kumsaidia kuosha vyungu, na ulimsimulia hadithi za vitabu vyako vya Kifaransa, ukizigeuza kwa Kitabwa. Wafalme, mabaharia, watu waliopotea jangwani. Na yeye kila mara alikukatiza na swali moja. "Na nani anawapikia hao watu?" Ulikasirika. Ulimwambia kitabu hakisemi. Akakujibu, "Basi aliyeandika hakuwahi kushikwa na njaa."

Yaya Mwange alicheka hapo, na machozi yalikuwa yanamtoka. Sikuwa nimemtajia neno la Mama Sifa. Lakini aliposimulia juu ya baba yenu, jinsi alivyorudi kutoka machimboni baada ya miaka, alilitaja yeye mwenyewe: "Mama alitufundisha, muntu wa njaa umupe chakula kwanza." Nikamalizia mimi: "Hasira haiozi." Akaacha maharage yakamwagika mapajani. Tulikaa vile, wanawake wawili wasiojuana vizuri, tumeshikana mikono kama watu waliokutana na mtu wao barabarani.

Alinipeleka kaburini asubuhi. Msalaba wake una jina. Kaimba. Nililisoma kwa sauti.

Niliporudi Kalemie nilikwenda kwa Mama Sifa moja kwa moja, boti bado ikinipepesua kichwani. Nilimweleza yote. Alikuwa anapanga ndakala kwenye mkeka, mmoja mmoja, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Ile neno la hasira, alilisema ye mwenyewe? Kwa mudomo yake?"

"Kwa mdomo wake. Juu ya mumewe mwenyewe."

Akapanga samaki wengine watatu.

"Basi alikuwa muntu," akasema. "Mimi nilisikia muntu."

Jumapili iliyofuata alikuja na mkeka wake. Niliwaambia na wengine kabla ya redio kufunguliwa, nikiogopa watacheka. Papa Risasi alivua kofia. Mwalimu Mulenda aliniuliza taratibu kama anaruhusiwa kuendelea kutafsiri yaliyomo tu, kwa sababu yeye hajui kumsemea mama yule, na akijaribu ataharibu. Nikamwambia ni sawa. Watu wote waliona ni sawa. Lakini redio ilipofungwa hakuna aliyeondoka. Walikaa wakinitazama, mpaka Papa Risasi akakohoa akasema, "Aya, Mauwa. Wageni wale wametoka mbali. Nani amewapa chakula?"

Sina ulimi wako, Feza. Nilisema maneno machache tu, kwamba Mama wa Jikoni aliwatazama wale wa meli yenye mbio, akaona kwamba mtu anayekimbia sana hapati muda wa kula. Walipiga makofi.

Kapiteni bado hajachagua. Meli mbili zimesimama ubavu kwa ubavu, na Jumapili ijayo anaita watu wake wote wapige kura. Papa Risasi amekwisha kuapa kwamba wakihama atakwenda mwenyewe Kinshasa kuwashtaki. Mimi sijui nataka nini. Nikiwaza wazee wao, nataka wabaki. Nikiwaza watoto, nataka waende. Nimejaribu sana kukisia wewe ungesema nini, lakini sasa nimejifunza kwamba sikuwa nakujua nusu yako, kwa hiyo nimeacha kukisia. Linaniuma, na pia linanifurahisha, kwamba bado una mambo ambayo sijayajua.

Mwalimu ananifundisha Kifaransa kila Jumatano. Natamka vibaya, watoto wananicheka.

Naweka kalamu chini, Feza wa Kaimba. Kaa vizuri huko uliko, na kama mko pamoja, mwite kwa jina lake. Nakuahidi hivi: kiangazi kikija, mimi na Mama Sifa tutapanda boti ya Moba, tupalilie kaburi la mama yako, tukae chini, tumpe habari kwamba wageni wa meli ya pili wamekwisha kuingia, ni wengi, na wana njaa.

Mauwa wako