Kabla ya Kupiga Hodi

Mjukuu wangu Kabula,

Huku Sapiwi hatujambo. Pamba imeota vibaya, na babu yako bado anabishana na redio. Juzi kwenye simu uliniuliza kama nami niliogopa kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura, mtandao ukakatika.

Niliogopa sana. Nilipogombea uenyekiti wa kitongoji, kulikuwa na mzee mmoja asiyependa wageni. Nilimkuta uani ananoa panga. Nikapiga magoti kama ilivyo desturi yetu, nikamsalimu, "Mwangaluka, baba." Hakuitikia. Nawe unajua mwanamke hainuki kabla salamu yake haijaitikiwa. Nikabaki chini, yeye ananoa tu.

Mwishowe akauliza, sauti ikitetemeka, "Umekuja na nani?"

"Peke yangu, baba. Naomba kura."

Akaweka panga chini. Ndipo nikamwona mama yake, kikongwe, amejibanza nyuma ya mlango, macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa macho kama hayo, wakiitwa wachawi.

"Nilidhani mmemfuata huyu," mzee akasema. Kisha akaniitikia, akiniita mama, "Mwangaluka, mayu. Inuka."

Kama alinipa kura, sijui hadi leo. Ila tangu siku ile, nikikaribia mji wa mtu, nataja jina langu nikiwa bado njiani.

Kesho ukianza kuomba kura zako, ukitetemeka mlangoni, mjukuu wangu, kumbuka aliye ndani amesikia miguu yako, na hajui ni ya nani.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea.