Mapanga Tuliyoyasalimisha

Rudewa, Kilosa
Ijumaa

Mdogo wangu Bundala,

Simu yako haipatikani, barua hii nimempa kondakta wa basi. Mpe mama shikamoo yangu, umwambie mguu umepona. Yule ndama mwekundu amekua?

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu sisi wakata miwa tugome. Tunadai mikataba na maji safi kambini. Mimi kiongozi wao ndiye niliyesema tusalimishe mapanga yetu ofisini, asiwepo wa kutuita wahuni. Waliokataa niliwabembeleza mmoja mmoja. Tukakaa getini mikono mitupu.

Jana meneja aliyagawa mapanga yale kwa vibarua wapya, lori zima kutoka kwetu Maswa. Mke wangu Agness ameniambia, "Shimba, umetumaliza mwenyewe."

Nasikia Jumatatu lori linarudi huko kuchukua wengine, na wewe umeandikisha jina. Usipande, nakuomba. Lakini njaa ikikushinda, tafuta panga lenye mpini uliofungwa ngozi ya ng'ombe. Ni langu, alilifunga baba. Bora ulishike wewe. Ila ukipita nalo getini usiniamkie, maana sitaweza kukuitikia.

Ni mimi kaka yako,
Shimba