Bukari ya Bluu na Mkwe wa Mama Berta

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Mmeshindaje huko Kongolo? Goti lako bado linakusumbua ukienda misa? Na Baba, kile kikohozi kimemwacha? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Tangu Alhamisi sijamaliza sahani moja ya chakula.

Kila ukiniuliza kwenye simu kazi yangu ni nini, najibu "naandika." Leo nakueleza vizuri. Tunapiga filamu ya watu waliohamia sayari nyingine. Usicheke. Sayari yenyewe ni rundo la mabaki meusi ya mgodi. Mavazi ya angani ni salopeti za wachimbaji zilizopakwa rangi ya fedha, na dirisha la chombo ni mlango wa mashine ya kufulia. Chakula cha huko ni bukari, ugali wetu huuhuu, iliyotiwa rangi ya bluu, na waigizaji huila kweli, maana njaa haijui filamu. Kazi yangu ni kuandika daftarini nani alivaa nini, kikombe kilikaa wapi, siku gani. Tukirudia tukio baadaye, kila kitu kirudi palepale.

Sasa sikia nilivyojiponza. Kabla ya mvua tulipiga nusu ya tukio la kula: Mama Berta, anayeigiza daktari wa chombo, na Trésor, anayeigiza rubani, wanakula sahani moja wakitazamana. Mvua ikatusimamisha miezi mitatu. Katika miezi hiyo Trésor akamchumbia binti wa Mama Berta, na mahari ikapokelewa. Tuliporudi kumalizia, Mama Berta akagoma. "Huyu sasa ni mukwe wangu. Nitakula na ye namna gani, macho kwa macho?" Wewe Mluba mwenzake unajua, mama mkwe hali na mkwe wake, hata njiani humpisha. Basi mkurugenzi wetu, Patron Guy, akawakalisha wamepeana migongo, kila mmoja na sahani yake. "Bantu batazani banagombana," akasema, yaani watazamaji wadhani wamekosana tu, tukaendelea.

Mimi nilikuwa na langu. Ukurasa wa siku ya kwanza niliuwashia makaa ya babula asubuhi moja nikichemsha chai, bila kuangalia ni karatasi gani. Niliogopa kufukuzwa. Nikaandika ukurasa mpya kwa kukisia, na kwa kuwa tarehe ya kwanza nilishaisahau, nusu zote mbili nikaziweka chini ya tarehe moja, ile ya baada ya mvua. Nilijiambia, nani atasoma daftari langu?

Alhamisi tukaonyesha vipande vya kwanza kwa familia za waigizaji. Walipomwona Mama Berta akila na mkwe wake sahani moja, dada zake wakafunika nyuso kwa vitenge. Kaka yake mkubwa, Papa Anselme, akasimama. "Mali tulishapokea, na mama iko nakula na mukwe?" Mama Berta akaapa kwamba ilikuwa kabla ya mahari. Patron Guy naye akasema, "Odile iko na daftari. Tarehe yote iko mule." Papa Anselme ni mtoto wa karani wa reli, haamini kinywa, anaamini maandishi. Akaniambia daftari nilipeleke kwake leo baada ya misa. Kama dada yake alidanganya, mahari irudishwe na ndoa ife.

Siku tatu nimezunguka na jambo hilo. Nikisoma daftari lilivyo, binti wa watu anakosa mume kwa uongo wangu. Nikisema ukweli, kazi imekwenda. Nilifikiria hata kusema limeibwa.

Leo nimesimama nyumbani kwa Papa Anselme mbele yao wote, Patron Guy akiwapo, nikasema tarehe niliiandika uongo, nusu ya kwanza ilipigwa kabla ya mvua. Papa Anselme akaniangalia. "Sasa siye tutajua je kama wongo ni ya ile siku ao ni ya leo?"

Nikamwomba Patron Guy aiwashe tena filamu kwenye kompyuta yake, nikaanza kuwaonyesha. Nywele za Mama Berta: hapa amesuka, hapa amekata. Dirishani: hapa nyasi kavu, hapa mbichi, na tuko angani! Jino la Trésor: hapa wanapotazamana ni zima, hapa walipopeana migongo limevunjika. Alilivunja kwenye pikipiki wakati wa mvua, na siku ya mahari alikuja na pengo tayari.

Papa Anselme ndiye aliyecheka kwanza. "Ni kweli! Tulimuchekelea ile shimo ya mu meno!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Berta akanishika mkono akilia.

Patron Guy hakucheka. Kila tofauti niliyoitaja ni kosa la filamu nililoliona zamani, na yeye ndiyo kwanza analisikia. "Uliona byote," akaniambia polepole, "na ulinyamaza?" Akachukua daftari mkononi mwangu, akaondoka. Hajasema nirudi kesho wala nisirudi.

Najua utaniambia msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Sawa, Mama, lakini naogopa. Kesho asubuhi nitavaa nguo za kazi bila kujua naenda wapi.

Msalimie Baba, shangazi anayeuza mafuta ya mawese sokoni, na kaka yangu wa stesheni. Bibi mwambie rozari yake ninayo.

Barua hii nampa jirani anayepanda treni. Huenda nami nikawa nyuma yake. Ukiniona nashuka na mizigo yote, usiniulize kitu mbele ya watu. Nipokee mfuko mmoja, twende nyumbani.

Ni mimi binti yako,
Odile