Mlango Umetangulia

Alhamisi, katikati ya Desemba. Mawingu yamekaa juu ya mlima Shengena tangu asubuhi, lakini huku kwetu, mteremko wa kwenda Kisiwani, hakuna hata tone. Mvua ingeshuka, nisingekuwa na haya ya kuandika.

Kesho asubuhi ndiva inafunguliwa. Maji ya bwawa letu yatashuka kwenye mfereji, mfongo wetu, hadi mashambani, na mfongo huo unapita nyuma ya nyumba ya mawe ya ukoo wetu. Ukuta wa nyuma umeshatoa tumbo. Fundi aliugonga juzi, akasema yeye asingelala humo.

Humo ndimo anamolala Shangazi Namkunda.

Nyumba aliijenga babu yake kabla Wajerumani hawajafika, kwa mali aliyopata akiuzia misafara chakula. Mlango wa mbao mbili ulibebwa vichwani kutoka Pangani, ndivyo tulivyoambiwa. Wageni hupanda hadi huku kuupiga picha.

Mwaka jana kijiji kizima kilitoka msaragambo, kazi ya pamoja, kujengea mfongo kwa mawe na saruji. Tulipofika nyuma ya nyumba tuliruka kipande kile, kwa sababu kaburi la babu huyo liko ukingoni, na hakuna aliyethubutu kumtajia Shangazi habari ya kuchimba hapo. Tuliona ndiyo heshima. Tukaendelea mbele. Tangu hapo maji yanapenya pale pale.

Leo kamati ya maji imekutana. Mimi ndiye katibu, na wiki yote hii maji yamezuiwa kwa ajili ya nyumba yetu. Mahindi ya wenzetu yametoa mbelewele na majani yamejikunja. Mama Neema, mwenye shamba la chini kabisa, hakuzunguka.

"Katibu, mahindi yangu hayajui historia."

Watu wamecheka. Mimi sikuweza.

Tumekubaliana maji yafunguliwe kesho. Mchana tumetandika maturubai kwenye kipande kile, lakini fundi anasema udongo wa chini umeshalowa. Huenda yakasaidia, huenda yasisaidie.

Nikaenda kwa Shangazi kumwomba ahamie kwangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha kuchambua maharage.

"Hii nyumba imewaona Wajerumani wakija, ikawaona wakiondoka. Leo mfongo ndio unitoe?"

Nilimweleza habari ya kaburi, kwamba tuliogopa kumkosea. Ndipo akaniangalia.

"Nani aliniuliza? Ningewaambia mchimbe. Babu mwenyewe alichimba mfongo huo. Siku ile ya msaragambo mlikunywa uji wangu, mkafuta midomo, mkaenda zenu."

 

Nakiri jambo moja hapa, kwa kuwa siwezi kulisema nyumbani: nikiwa nimekaa pale kigodani, nilitamani ukuta uanguke, yaishe. Halafu nikamwona akipapasa mbao za mlango kama mtu anayepima homa ya mtoto, nikaona aibu.

Mwishowe akasema, "Tangulieni kuutoa mlango. Mimi nitaufuata."

Wanaume wameung'oa kwenye bawaba, wakaubeba begani taratibu hadi kwangu. Shangazi alikuja nyuma yao na sufuria ya maharage. Hakugeuka. Mimi niligeuka. Pale mlango ulipokuwa pana shimo jeusi tu, na kuku wa jirani ameshaingia.

Sasa ni jioni. Mwenyekiti ameuliza nani atafungua maji kesho, na kila mtu ameangalia viatu vyake. Nimesema nitafungua mimi. Sitaki mtu mwingine abebe lawama hiyo, na sitaki kuwa hapa chini nikisikiliza kama ukuta unaanguka.

Mbao mbili za mlango zimeegemea ukuta wa sebule yangu. Nyuma yake hakuna chumba, ni tofali tupu. Shangazi amezisogeza zikakaribiana, akapachika mnyororo wake kama afanyavyo kila jioni, ndipo akakubali kukaa.