Sikio la Kushoto la Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Mama watoto kaanguka tena. Kainama kuokota kitambaa chini ya cherehani, kuinuka tu — nyumba ikamzunguka. Goti limechubuka. Shemeji kapiga simu, anasema ni presha. Kwake kila ugonjwa ni presha. Presha tumepima, iko sawa. Mgonjwa mwenyewe hofu yake ni moja: aambiwe aache kushona.

Jumatano, 6 Machi
Daktari katuelekeza kwa mtaalamu wa usikivu. Kizunguzungu na masikio wapi na wapi? Kumbe! Mtaalamu mwenyewe, binti mpole, kaeleza kuwa ndani ya sikio mna chembe kama chenga za chumvi, zinazotusaidia tusiyumbe. Za mke wangu zimehama. Kamlaza chali haraka, kamgeuza kichwa huku, kasubiri, kamgeuza kule. Kucha za mama watoto zote mkononi mwangu. Kisha akaketishwa.

"Nyumba imetulia," akasema.

Nusura nimkumbatie yule binti. Lakini kataka turudi apime na kusikia. Kaona mama anamtegea sikio moja tu.

Jumanne, 12 Machi
Kaingia kwenye kijumba kisichopitisha sauti, kitufe mkononi. Nilimwona kupitia kioo. Sikio la kulia, kila mlio anabonyeza bila kukosea. La kushoto — kidole kimelala. Mtaalamu kasema pengine ni homa kali aliyougua utotoni.

Mke wangu hakushtuka. Alijua! Alificha asije akaonekana ana kasoro, baadaye akazoea.

Miaka thelathini na moja nalala kushoto kwake. Mama yake alipofariki nilikuwa safarini, sikurudi kuzika. Nilimwomba radhi kwa kunong'ona tukiwa tumelala, naye kalalia ubavu wa kulia. Hakujibu. Nikajua kanisamehe.

Jumatatu, 18 Machi
Kapewa vifaa viwili vya kujaribu: cha kushoto kinanasa sauti, kinairusha kwenye sikio zima, la kulia. Mtaalamu kavirekebisha mara tatu, hana haraka. Njiani mama watoto kacheka peke yake. Eti viatu vyangu vinalia kama bata.

Nyumbani kakaa kwenye cherehani, kaniita nikae kushoto kwake.

"Mzee, kuna usiku nilikuwa nahisi pumzi yako kwenye sikio hili. Ulikuwa unasema nini?"

Nimesema ngoja nichukue miwani. Niko chumbani, naandika. Miwani ninayo usoni. Cherehani hailii — ananisubiri.

Anaita.