Bahasha Niliyoitoa Mwenyewe

Nakivale, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetutunza sisi sote hadi leo. Mguu wako unaendeleaje? Je, ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi mchungaji ilikufikia? Na mvua, imewaruhusu kupanda mihogo? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauko sawa, na sababu nitaieleza kwa utaratibu, maana nikianza kuzunguka sitaisema.

Mchungaji ameniambia kwamba huko nyumbani Mama Furaha sasa anakaa benchi la nyuma kanisani, peke yake, kwa kuwa habari zimefika kwamba binti yake aliiba ofisini Mbarara. Mama, Furaha hakuiba. Bahasha ile niliitoa mimi.

Kazi yangu pale studio unaijua: kuandika na kutunza karatasi zote za filamu, ndiyo maana wananiita Mwalimu. Mkubwa wetu tunamwita Afande kwa sababu alikulia kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake ni cha huko. Filamu yetu mpya ilikuwa siri. Hadithi yake yote, pamoja na diski ya picha zote, viliwekwa katika bahasha moja ndani ya kabati la chuma, na ufunguo ulining'inia msumarini nyuma ya mlango wangu. Furaha alikuwa anafagia ofisi hiyo. Wewe ndiwe uliyeniomba nimtafutie kazi.

Alhamisi moja akaja mwanaume wa kofia nyekundu, akasema ametumwa kuchukua bahasha. Nikampigia Afande. Yeye na wachezaji wake walikuwa Bwizibwera wakipiga picha za filamu nyingine penye kituo cha maziwa, makopo yanagongana, sauti inakatikakatika. Nikamwambia, "Afande, kuna mtu anataka karatasi za filamu."

"Karatasi tena? Hizo tosha! Tosha, bwana!" Simu ikakatika.

Mama, wewe ukiniambia "tosha sufuria," mimi naitoa motoni. Basi nikaitosha ile bahasha kabatini, nikampa yule mtu. Hata nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowe mvua. Kumbe Afande alidhani wachezaji wanataka nakala nyingine, naye akasema zilizopo zinatosha, basi. Maana hiyo niliisoma sekondari, lakini siku ile sikio langu lilikuwa la nyumbani.

Wiki iliyofuata filamu yetu ilikuwa ikiuzwa kwenye meza za CD karibu na paki ya mabasi, kabla sisi wenyewe hatujaionyesha popote. Afande akatukusanya.

"Kabati hakuna mtu navunja! Nani nafungua?"

Hapo ndipo nilipoelewa neno lake. Nilipaswa kusema papo hapo. Mchezaji mmoja akasema, "Si huyu dada ya ufagio? Asubuhi yeye naingia peke yake."

Wakamwambia Furaha amwage mkoba wake mezani. Kikatoka kipande cha sabuni, kitenge, na maharage yake ya mchana ndani ya kopo. Mtu akacheka, "Labda diski iko chini ya maharage!" Wengine nao wakacheka. Furaha alinitazama mimi. Nilikuwa nimeshika orodha ya vifaa, nikaanza kuisoma kana kwamba kuna kitu nakitafuta. Akafukuzwa siku hiyo hiyo.

Unajua tangu shuleni naandika daftari langu kila siku, tarehe juu. Ukurasa wa Alhamisi ile niliukata kwa wembe, nikauchoma. Nikaandika mwingine, kwamba siku hiyo nilikuwa na homa. Wewe hukunilea hivyo.

Nilikaa hivyo karibu wiki tatu. Mchungaji aliponipa habari ya Mama Furaha, nikaenda kwa Afande nikamweleza yote, hata tosha yetu ya kwetu. Alicheka kicheko kibaya.

"Yaani mimi nasema imefika, wewe natoa nje?"

"Ndiyo, Afande."

"Neno nasamehe, Mwalimu. Lakini yule binti alimwaga chakula yake hapa, wewe naangalia tu. Yeye atarudi kazi. Wewe, tosha. Na hii tosha ni yangu, si ya kwenu. Enda."

Furaha nimemkuta hapa Nakivale kwa wakimbizi wenzetu, analima shamba la watu. Nilipomwambia anaitwa arudi, hakuinua kichwa.

"Nirudi kufagia fasi ile ile balimwaga sakoshi yangu mezani? Mama yako aliniambia, 'Fuata kaka yako, ni mutu wa adabu.' Mutu wa adabu!"

"Niliogopa, Furaha."

"Miye pia niliogopa. Na miye sikukuwa na kitu ya kuficha." Akapiga jembe mara mbili, tatu. "Huku kwa shamba aibu yako haina kazi. Ipeleke kule mama yangu anakaa peke yake."

Ndiyo maana nimeandika. Kazi sina tena, lakini usihangaike kwa hilo. Nitalima kama wengine.

Unisalimie baba mdogo, na bibi mwambie nakula vizuri. Wasalimie wamama wenzako wa kwaya. Mama Furaha usimpe salamu zangu. Kwanza umsomee barua hii kanisani, mbele ya benchi zote, na usiruke fasi yoyote yenye makosa yangu. Ukimaliza, muulize kama salamu zangu anazitaka.

Mwanao wa kwanza,
Bahati