Tiketi Niliyoishinda kwa Kete Nyeupe

Tabora mjini

Mdogo wangu Mwanaidi,

Marahaba. Nimeitika mapema kwa sababu najua shikamoo yako huwa inachelewa. Je, mgongo umepoa? Na mumeo bado anakoroma? Mimi mzima kwa nje, ndani nimejaa nyongo. Barua hii isome peke yako, kimya, wala usitikise midomo.

Nilikuahidi nitakuja. Siji. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, na fundi cherehani wa namna hiyo hana nauli, ana baraza na sataranji tu. Basi mwenye duka la nguo hapa akaweka mashindano ya sataranji, zawadi tiketi ya gari moshi mpaka Dar es Salaam, kwenda na kurudi. Nikasema hii yangu. Tangu nilipopanda huku na mizigo ya vita sijauona uso wako.

Mchezo wa mwisho nikakutana na Mihayo, seremala, Mnyamwezi, mtani wangu. Nikapata kete nyeupe. Nikafungua kizee: askari wa mbele ya mfalme, farasi, kisha tembo akimchungulia mfalme wa Mihayo kwa mbali.

"Mzaramo, huo mchezo wa babu yako," akanicheka.

"Babu yangu ndiye aliyemtwisha babu yako pembe za ndovu."

Alipomaliza kucheka, waziri wangu alishakaa mlangoni pa mfalme wake, tembo akimlinda. Pa kukimbilia hapana; tiketi ikawa yangu.

Kosa langu kujishaua. Nikainua tiketi juu wote waione, Mihayo akainyakua.

"Mtani, nimeipenda hii."

Baraza zima likapiga makofi. Kitu mtani akishakipenda, hakirudishwi. Kwenye matanga ya baba yake nilimkamata beberu wake wa pekee nikamla, naye akacheka kama inavyotakiwa. Nami nikacheka, Mwanaidi, mpaka taya zikauma. Na huko anakuja kuona bahari tu, hana hata ndugu.

Ndiye huyo aliyekuletea barua. Mpe maji, mpe wali, mchekee. Kipande cha tiketi cha kurudia huku anakiweka ndani ya kofia. Wewe nawe Mzaramo, ni mtani wake kama mimi. Akivua kofia ale, kipende.

Nisalimie binti yako Tatu, muuza mbaazi. Shemeji mwambie atajipikia siku kidogo. Mihayo mpeni jembe.

Mimi nitakuwa stesheni kila gari la kutoka pwani likiingia. Macho hayaoni, kwa hiyo wewe ndiye uniite.

Kaka yako asiye na adabu,
Fundi Salumu